Barbara Isbister na Mstari wa Juu

Barbara Isbister alitimiza miaka ishirini na mmoja tarehe 19 Septemba 1893, siku ile ile Gavana wa New Zealand alipotia sahihi sheria ya kuwapa wanawake kura. Baba yake, Gilbert, fundi wa magurudumu ya mikokoteni, hakuiacha bahati hiyo ipite bure. Kila alipomtambulisha binti yake kwa mgeni alisema, "Huyu ndiye aliyepewa zawadi na Gavana. Mimi nilimpa soksi."

Gilbert alikuwa mtu wa utani, na habari hii yote inaegemea hapo. Alizaliwa visiwa vya Orkney, akavuka bahari akiwa kijana, akafungua karakana Tarrant's Ford, mji mdogo wa kondoo na shayiri kusini mwa New Zealand. Alipofariki, mwaka 1905, mji ulimkumbuka kwa mambo mawili. La kwanza ni kwamba gurudumu lake halikuwahi kuvunjika barabarani. La pili ni kwamba aliwahi kumshawishi mchungaji mgeni wa kanisa, mtu aliyesoma Kigiriki, kuwa magurudumu ya kushoto na ya kulia huuzwa kila aina peke yake, na kwamba ya kushoto yameadimika mwaka huo. Mchungaji alisubiri gurudumu la kushoto wiki tatu, akitembea kwa miguu.

Binti hakurithi utani. Alirithi mikono. Alijifunza upigaji picha Dunedin, kwa bwana mmoja aliyempa kazi ya nyuma ya pazia: kusafisha nyuso. Siku hizo picha ilinaswa juu ya bamba la kioo, na kwenye bamba hilo kila kitu huonekana kinyume, cheupe cheusi na cheusi cheupe. Msafishaji huketi dirishani na penseli iliyochongwa kama sindano. Doa jeupe akilijaza penseli, kwenye picha hufifia. Akikwaruza kwa ncha ya kisu, kwenye picha hutokea weusi. Kwa penseli na kisu Barbara angeweza kumpunguzia meya kidevu cha pili, au kumrudishia bibi harusi jino.

Aliporudi Tarrant's Ford na kufungua studio yake karibu na duka la matandiko ya farasi, alijiwekea sheria moja, akaibandika ukutani wateja waione: "Naondoa kilichokuja na wiki. Siondoi kilichokuja na mtu." Chunusi iliondoka, kovu likabaki. Mke wa msimamizi wa reli alimbembeleza mara mbili kuhusu pua yake, akajibiwa mara mbili kwamba pua hiyo haikuja juzi.

Mkate wake wa kila siku ulikuwa postikadi. Zama hizo watu walitumiana kadi kama wanavyosalimiana: daraja la mji, mafuriko ya mto, kondoo dume aliyeshinda maonyesho. Barbara alipiga, akachapa, akauza. Na ukuta mmoja wa studio ulikuwa wa kadi asizouza, alizotumiwa na binamu yake Edith kutoka Leeds, Uingereza, ambako wanawake walikuwa bado wanapigania kura. Kadi hizo zilichorwa na wapinzani wao. Katika moja, mume amefungwa aproni, mtoto analia, maziwa yanafurika, na mke yuko nje anahutubia. Katika nyingine, mwanamke mwenye pua kama kabari amefungwa kufuli mdomoni, na chini yake maneno kwamba sasa ndiyo kuna amani.

Wateja walikuwa wakizitazama na kucheka.

"Maskini Waingereza," alisema mke wa mchinja nyama. "Mimi nimepiga kura mara sita sasa, na maziwa yangu hayajafurika hata siku moja."

"Yako hayafuriki kwa sababu unayatia maji," alijibu dada yake.

Mwaka 1911 uchaguzi ulipangwa Alhamisi, tarehe 7 Desemba. Siku hiyo, pamoja na kuchagua mbunge, kila mtu mzima angeamua pia habari ya pombe: baa ziendelee au zifungwe. Karatasi za vileo zilikuwa mpya mwaka huo. Zamani zilikuwa na mistari mitatu, sasa ni miwili. Wa juu ni wa kuendelea, wa chini ni wa kufunga. Na desturi ya kura za nchi hii ni kufuta: unapiga mstari juu ya usilolitaka, kinachobaki kizima ndiyo kura yako. Ndiyo maana wapinga pombe walikuwa na wimbo mmoja tu, na waliubandika kila ukuta wenye nafasi: FUTA MSTARI WA JUU. Ili washinde walihitaji watu watatu katika kila watano. Mara iliyopita walikosa kidogo, wakaapa hawatakosa tena.

Lakini mabango yao hayakukaa. Kila uchaguzi yalibandikwa jioni, na asubuhi ukuta ulikuwa mtupu. Mji mzima ulijua ni kazi ya nani: Denis Scully, mwenye hoteli na baa.

"Scully!" Huyo alikuwa Bi Lavinia Prouse, mwalimu wa piano na katibu wa Umoja wa Kina Mama wa Utepe Mweupe, wapinga pombe wenyewe, akiwa katikati ya barabara na mwavuli wake. Ilikuwa katikati ya Novemba. "Umeyala tena?"

"Nimekula nini, Bi Prouse? Mimi nimekula kondoo na viazi."

"Mabango. Jana tumebandika mpaka darajani, leo hata moja. Gundi bado mbichi!"

"Labda ng'ombe. Gundi ya unga ng'ombe anaipenda sana."

"Ng'ombe wa miguu miwili, mwenye leseni ya pombe."

"Sasa, Bi Prouse, ningetaka kubandua si ningeanza na lile mliloniwekea mlangoni? Lile lipo. Wateja wangu wanalitumia kuwashia viberiti." Akamtazama, akatabasamu kidogo. "Kikulacho ki nguoni mwako. Kajikung'uteni."

Barbara alikuwa anapita na miguu ya kamera begani. Bi Prouse alimshika mkono.

"Barbara, umemsikia? Uwe shahidi."

"Nimesikia viazi na ng'ombe."

"Twende zetu. Nina kazi yako."

Kazi yenyewe ilikuwa postikadi. Umoja ulitaka picha ya mama wa nyumbani, jikoni kwake, mtoto ubavuni, mkate mezani, anaonyesha namna ya kuijaza karatasi mpya. Chini yake maneno matatu: MAMA ANAPIGA KURA. Nyingine zingegawiwa mjini, na bunda zima lingepelekwa London.

"Wenzetu kule wanaambiwa mwanamke akipewa kura atachanganyikiwa, hatajua ashike mwiko au penseli," Bi Prouse alisema. "Nataka wamwone mmoja aliyeshika vyote viwili na hajachanganyikiwa."

"Una mtu?"

"Mama yako. Ana uso ambao hata askofu hawezi kuuogopa."

Jemima Isbister, mjane wa Gilbert, alikuwa na uso wa duara, mweupe, uliopasuka kidogo juu kama mkate uliotoka tanurini. Alivaa utepe mweupe tangu Umoja ulipofika mjini. Kazi yake ilikuwa chai. Birika la shaba lilikuwa lake, na vikombe vilikuwa chini ya ulinzi wake. Kwa hiyo katika mikutano yote aliyohudhuria, na hakukosa hata mmoja, hakuwahi kusikia hotuba ikafika mwisho. Mhubiri akipanda jukwaani, Jemima alikuwa jikoni nyuma ya mlango, mikono ndani ya maji.

Picha ilipigwa Jumanne, jikoni kwa Jemima, ambako Barbara pia aliishi. Mtoto aliazimwa kwa jirani yao, Dunnet.

"Nivae kofia?" Jemima aliuliza.

"Uko jikoni kwako, Mama. Nani anavaa kofia jikoni?"

"London nzima itaniona bila kofia."

"Ndiyo shabaha. Wanatakiwa wakuone uko nyumbani."

"Hao watu wa London hawana nyumbani kwao?" Akakaa, akashika penseli mkono wa kulia na mwiko mkono wa kushoto. Mbele yake waliweka karatasi ya mfano iliyochapwa kwa herufi kubwa. "Sasa nifanye nini?"

"Kama unavyofanya siku zote. Ukimaliza usitikisike mpaka niseme."

Barbara aliinama chini ya kitambaa cheusi. Mtu aliyezoea kamera za siku hizo anajua kwamba kwenye kioo cha nyuma kila kitu huonekana miguu juu: mama ananing'inia kutoka sakafuni, birika linamwaga kuelekea darini. Barbara alikuwa amezoea kuzisoma nyuso hivyo kwa miaka mingi. Herufi hakuwa amezoea. Aliona mkono wa mama unapiga mstari mnene, mstari ukakaa upande wa juu wa kioo, naye akaridhika. Akabonyeza.

Jumatano asubuhi aliliinua bamba kwenye taa nyekundu ya chumba cha giza. Mkate ulikuwa mzuri. Mtoto hakutikisika. Mstari wa mama ulikuwa unang'aa, umekata maneno ya chini, yale ya kufunga baa.

Alidhani amelishika bamba vibaya, akaligeuza. Sasa mstari ulikuwa juu, lakini mama yake alikuwa amesimama kwa kichwa. Akaligeuza tena. Akaliweka rafuni likauke, akaenda nyumbani kunywa chai.

Jemima alikuwa anakaanga mayai.

"Mama," alisema Barbara, "nani alikufundisha kupiga kura?"

"Swali gani hilo asubuhi? Baba yako, nani mwingine. Wewe ulikuwa Dunedin." Akaligeuza yai. "Alinikalisha hapo hapo ulipokaa. Akaniambia, 'Jemima, sikiliza vizuri, maana wengi wanakosea. Karatasi ya wabunge unafuta usiyemtaka, kwa sababu watu ni wengi na mtu mmoja ndiye atakiwaye. Lakini karatasi ya pombe ni jambo la dhamiri. Hapo ni kinyume. Hapo unapiga mstari juu ya unalolitaka, kama mfugaji anayempaka rangi kondoo aliyemchagua.'"

"Kondoo."

"Nikaelewa mara moja. Baba yako alikuwa anajua kueleza."

"Na yale mabango, Mama? Ya kufuta mstari wa juu?"

Jemima alicheka kwa dharau. "Hila ya watengenezaji bia! Baba yako aliligundua hilo siku ya kwanza. Wanataka kina mama wakosee. Ndiyo maana nayabandua."

Barbara aliweka kikombe chini. "Unayabandua wewe?"

"Kabla gari la maziwa halijapita. Bi Prouse na wenzake wanapiga kelele tu, kitendo hakuna. Sijisifu, mtu akitenda jema asipige tarumbeta." Akaonyesha kabati kwa mwiko. "Karatasi yenyewe ni nzuri, nene. Nimetandika chini ya vikombe vya Umoja."

Juu ya jiko, ndani ya fremu, kilikuwepo kiapo cha Gilbert cha kutogusa pombe, alichotia sahihi mwaka ule ule aliomfundisha mkewe kupiga kura. Jemima alikipangusa vumbi kila Jumamosi. Aliwaambia wageni kwamba wanaume wengine wanaacha dhahabu, wake aliacha neno lake.

Mambo yalikuwa yamesimama hivi, na Barbara aliyaona sawasawa. Akinyamaza, tarehe 7 Desemba mama yake ataipigia kura baa kwa moyo wake wote, kama alivyofanya tangu kura ya kwanza ya pombe, mwaka 1894. Akisema, atamwambia mjane kwamba mume aliyemfremu ukutani alimfanya mjinga maisha yao yote, na huenda hata kiapo kile kilikuwa mzaha. Na kadi ikienda London jinsi ilivyo, wale wachoraji wa kufuli na aproni watapata wanachokitafuta: mwanamke aliyepewa kura na hajui kuipiga.

Aliketi dirishani. Kwa penseli aliuziba mstari wa chini. Kwa ncha ya kisu aliukwaruza mwingine juu, mnene ule ule, wenye mshazari ule ule wa mkono wa mama. Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya, na ilivunja sheria iliyobandikwa ukutani mwake. Alikuwa na mpango: angempelekea mama kadi moja faraghani, amwambie kwamba mwaka huu, pamoja na karatasi mpya, serikali imebadili utaratibu. Hivyo kura ingenyooka, na Gilbert angebaki kwenye fremu.

Mpango ulikuwa mzuri. Ila Jumamosi mchana Bi Prouse alipita studio Barbara akiwa ametoka, akakuta kadi zimekauka, akazibeba zote kwenye kikapu.

Barbara alipofika kwenye ukumbi wa mikutano ya Umoja, akihema, kadi zilikuwa zimeshasambaa. Kina mama wa utepe mweupe walikuwa wamejaa mezani, skonzi na jamu mbele yao, wakimsifu Jemima, ambaye alikuwa jikoni.

"Angalia huo mwiko! Anaonekana yuko tayari kumchapa mtu."

"Na mtoto wa Dunnet, kwa mara ya kwanza hajalia."

"Mama Isbister, njoo ujione!"

Jemima alitoka na sinia la vikombe. Akaegemeza sinia kiunoni, akaisogeza kadi mbali na macho, kisha karibu.

"Barbara," alisema. "Umeniharibia."

"Mama, njoo nje kidogo nikuambie kitu."

"Nje kuna nini? Mstari wangu umeupeleka wapi? Mimi nilipiga chini. Hapa umenipigia juu." Akawageukia wenzake. "Tazameni! Mtoto wangu mwenyewe ananifanya niipigie kura bia mbele ya London nzima!"

Hakuna aliyetafuna.

"Mama Isbister," Bi Prouse alisema polepole, "mstari wa juu ndio unaofutwa."

"Unafutwa na watu wa bia."

"Unafutwa na sisi."

"Sisi tunapiga chini. Tunapiga lile tunalolitaka."

"Tunafuta tusilolitaka, mama yangu. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye mabango yetu."

"Mabango yenu?" Jemima alilibana sinia kiunoni. "Yale mabango ni yenu?"

"Yale anayobandua Scully."

Jemima aliinua kidevu. "Mimi nimefundishwa kupiga kura na Gilbert Isbister," alisema, kwa sauti ya mtu anayetoa hati.

Kwenye meza ya nyuma alikaa mke wa mchungaji, yule yule aliyetembea wiki tatu kwa miguu pamoja na mumewe.

"Gilbert?" alisema. "Gilbert wa gurudumu la kushoto?"

Alijiziba mdomo kwa leso, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Jemima hakumtazama. Alimtazama binti yake.

"Ulijua?"

"Tangu Jumatano."

"Ukaona unisafishe, kama chunusi."

"Nilitaka nikuambie kwa namna nyingine, Mama."

"Wewe si ndiye mwenye kibao ukutani? Kilichokuja na wiki unaondoa, kilichokuja na mtu huondoi. Hiki kimekuja na wiki?"

"Hapana."

"Kimekuja na mimi. Miaka kumi na saba nimetembea nacho, nimevaa na utepe." Mabega yake yalianza kutikisika. Barbara alimpokea sinia, akidhani ni kilio. "Alinishika mkono," Jemima alisema, "mpaka mlango wa kituo. Nilipotoka akanivulia kofia mbele za watu. Akaniambia, 'Jemima, leo nchi hii imepata mtu wa dhamiri.' Jambazi yule! Na mimi nikampikia pai!"

Ndipo ilipobainika kuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika meza, akavuta pumzi, akasema "kondoo aliyemchagua!" akaanza upya. Mke wa mchungaji aliondoa leso. Ukumbi ukafuata wote. Mzee Pell, mshika hazina wa kanisa, mwanaume pekee aliyealikwa, alisimama bila kumaliza chai yake, uso mwekundu kama jamu, akachukua kofia akaondoka. Hakuna aliyemuuliza yeye alifundishwa na nani.

Bi Prouse ndiye wa kwanza kurudi kwenye kazi.

"Mstari umerekebishwa, kadi ni sahihi, meli ya barua inaondoka Ijumaa," alisema. "Hili lililosemwa hapa libaki hapa. London wasisikie. Watasema, ndiyo hao, hawajui hata kupiga kura."

"Watasikia," alisema Jemima, akijifuta macho kwa aproni. "Lavinia, wanaume wamekuwa wakikosea kura tangu enzi za babu zao, tena kwa makusudi, na hakuna aliyewanyang'anya. Kama mimi nimekosea na mvua imeendelea kunyesha, hilo ndilo la kuwaambia. Na hapa mjini je? Unadhani niko peke yangu? Gilbert alikuwa na marafiki wengi, na wote walikuwa na wake."

Bi Prouse alianza kuhesabu kwa vidole. Alikuwa hodari wa hesabu, na alikumbuka ni kura chache tu walizokosa mara iliyopita.

Picha ya pili ilipigwa Jumatatu. Safari hii Jemima aliketi na kofia yake nyeusi yenye manyoya mawili.

"Ulisema jikoni hakuna kofia," alimwambia Barbara, "lakini mtu akikosea mbele ya dunia avae vizuri."

Akaipiga penseli juu ya mstari wa chini, kwa makini. "Kwa mara ya mwisho," alisema. "Haya, bonyeza." Mtoto wa Dunnet alilia mwanzo hadi mwisho, akatokea mdomo wazi. Barbara hakusafisha chochote. Kadi hiyo iliandikwa neno moja, SIVYO. Ile ya kwanza, yenye mstari uliohamishwa, iliandikwa NDIVYO, na nyuma yake Barbara alichapa kwa herufi ndogo kwamba mstari umewekwa na mpiga picha, mwenye picha alikosea. Ziliuzwa kwa jozi. Jozi zilikwenda London Ijumaa, na Tarrant's Ford ziliisha kabla ya hapo, maana kila nyumba ilitaka kumwonyesha mtu fulani bila kumtaja.

Lilibaki jambo la Scully. Jemima alikwenda mwenyewe mchana kweupe, Barbara nyuma yake, mpaka ua wa hoteli, ambako Scully alikuwa anapanga mapipa.

"Scully, nimekuja kukuomba radhi. Mabango nilikuwa nabandua mimi."

"Najua, Mama Isbister."

"Unajua?"

"Dirisha langu linatazama barabarani. Kila uchaguzi nakuona na kisu chako cha mkate."

"Na hukusema! Umetukanwa miaka yote hiyo!"

"Mtu akikupalilia shamba bure utamfukuza? Na matusi ya Bi Prouse, hayo niliyahesabu kuwa kodi." Alijipangusa mikono. "Tena Gilbert aliniapisha."

Jemima alisogea karibu na mapipa. Barbara aliona mama yake amekusanya vidole ndani ya kiganja, akajua swali linalokuja, na kwamba ndilo alilokuwa analikwepa tangu Jumatano.

"Alikuwa anakunywa hapa?"

"Kila Jumamosi, glasi moja," Scully alisema. "Maji ya tangawizi."

"Usinifichie, Scully. Nimeshafichiwa ya kutosha."

"Tangawizi, mama yangu, na wote tulimcheka. Kiapo alikishika mpaka kufa. Nilimuuliza, sasa wewe usiyekunywa, baa yangu ya nini kwako? Akasema nyumbani kwake kuna chai nzuri, na kanisani kuna maneno mazuri, lakini hapa ndipo mtu akisema uongo mkubwa watu wanamwomba arudie."

Jemima alitikisa kichwa. Kisha akavuta utepe wake mweupe ukae sawa.

"Bado nitakufungia baa yako," alisema.

"Jaribu, mama. Mwaka huu angalau utajaribu kweli." Akaingiza mkono mfukoni mwa koti, akatoa SIVYO. "Nimeinunua ya kutundika juu ya kaunta. Ungenitilia sahihi?"

Alitia sahihi, jina lote, Jemima Isbister, kwa penseli aliyoazima kwa Scully. Walipotoka barabarani alimwambia Barbara kwamba kiapo kinabaki ukutani, ila angependa kwenye fremu hiyo, upande wa chini, itiwe picha ya Gilbert, ile aliyopigwa akicheka, na isisafishwe.

Jumatatu ya wiki ya uchaguzi, kabla gari la maziwa halijapita, Jemima alitoka na ndoo ya gundi ya unga na mabango aliyoyatoa chini ya vikombe vya Umoja. Barbara alimshikia ngazi. Walianza na ukuta wa Scully.